Jarida letu la haki za mlaji lilivyomkataa Mama Kabula wa Samuye kwa sababu ya neno moja

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mlionizidi umri, shikamooni huko mliko.

Hii kitu nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Leo naimwaga yote. Siongezi chumvi, maana ilivyo yenyewe inatosha kumtia mtu aibu, na fungu kubwa la hiyo aibu ni langu. Chuo sikitaji. Majina nimebadilisha. Anayetutambua acheke kimyakimya.

Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nimesoma sheria kwenye chuo kimoja huku kwetu Kanda ya Ziwa. Nikiwa mwaka wa tatu, wanafunzi tuliamua kuanzisha jarida la sheria. Siyo la kila kitu. La haki za mlaji tu: bidhaa feki, mizani ya kupunja, dawa zilizoisha muda, mambo hayo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, sitalitukana. Huku kwetu ukiuziwa kitu kibovu unalaumiwa wewe uliyenunua.

Shida ilikuwa sisi.

Mhariri Mkuu wetu tulimwita Mheshimiwa. Hakuna aliyempa hilo jina, alijianzishia mwenyewe kwenye group. Alikuwa mtu wa kuvaa suti ya vipande vitatu kwenye jua la Shinyanga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, ukimuuliza anasema hasikii joto. Ukimtumia "habari za asubuhi" anakujibu "noted".

Kikao cha kwanza cha editorial board kilichukua saa nne. Tulijadili nini? Footnotes. Kama nukta inakaa kabla ya namba au baada ya namba. Watu wazima na ndevu zao wakanuniana wiki nzima kwa ajili ya nukta.

Kikao cha pili tukajadili jina la nani litangulie ukurasa wa ndani.

Cha tatu ndipo mlezi wetu, mhadhiri mmoja mpole sana, akauliza: hivi mlalamikaji hata mmoja mnaye?

Hatukuwa naye.

Ikaamuliwa twende field. Kila toleo libebe kisa kimoja cha mtu halisi, na kisa hicho mlezi akipeleke kwa mawakili anaowafahamu wakisimamie bure. Kisa kimoja tu kwa toleo. Hapo ndipo uzito wa huu uzi ulipo.

Ikatakiwa fomu. Jarida lilikuwa la Kiingereza mwanzo mwisho, na fomu nayo ikaandikwa kwa Kiingereza, halafu akatafutwa mtu wa kuitafsiri. Akapatikana. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Swali la kwanza liliuliza kama anayejaza ni consumer wa bidhaa anayoilalamikia. Nikaandika: "Je, wewe ni mlaji wa bidhaa hii? Ndiyo / Hapana."

Najua kuna mjuaji ameshashika simu aandike kwamba neno ni mtumiaji. Tulia mkuu. Vitabu vyetu viliandika mlaji, mabango yanaandika mlaji, na mimi nilijiona fundi wa lugha. Mheshimiwa akanipongeza mbele za watu. Akachapisha na fulana kabisa, nyeupe, mgongoni maandishi mekundu: SAUTI YA MLAJI.

Safari ya kwanza ilikuwa Geita, machimboni.

Tumeshuka watu sita na fulana zetu, tukaingia mtaa wa wanunuzi wa dhahabu. Mheshimiwa yuko mbele na kipaza sauti: "Tunawatafuta walaji wa eneo hili. Walaji wote wajitokeze."

Wakuu, ule mtaa ulifungwa. Sijawahi kuona maduka yanafungwa haraka namna ile. Mzee mmoja alikumbatia mzani wake akapotelea uchochoroni, kandambili moja akaiacha mlangoni.

Kumbe walidhani tumetumwa kukamata watu. Mtaani mlaji ni nani? Ni yule bwana mkubwa aliyepata ulaji, anayekula vya watu. Huwezi kumwita mtu mlaji akakushukuru.

Mchimbaji mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, alikuwa amekaa pembeni ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akatuuliza kwa adabu zote: "Mnatafuta walaji wa dhahabu au walaji wa ushuru? Maana ofisi zao ziko tofauti."

Tulicheka wote isipokuwa Mheshimiwa. Jioni akaandika kwenye ripoti: "Uelewa wa haki za mlaji Geita uko chini mno."

Watu wameelewa Kiswahili kuliko sisi, halafu sisi ndio tunaandika kwamba hawaelewi. Na mimi mtafsiri nilisoma ile sentensi, nikaliona tatizo lilipo, nikanyamaza. Fomu ingerekebishwa siku ile ile kwa kalamu tu.

Wiki iliyofuata tukaenda Samuye, Shinyanga Vijijini. Ilikuwa mwezi wa sita, watu wameshavuna. Nje ya ofisi ya kijiji ndipo nilipokutana na Mama Kabula.

Mama mtu mzima, mjane. Mkononi ana kikapu, ndani ya kikapu kuna chupa ameifunga kwa kitambaa cha kitenge. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Akaitikia huku anacheka, akaniuliza hiki Kisukuma nimekinunua wapi, na kama nina risiti nikirudishe.

Nikajisemea, kama kuna mtu wa jarida letu, ni huyu.

Mkasa wake ni huu. Marehemu mumewe alimwachia maksai wanne, ndio wa kuvuta plau. Akanunua dukani dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaogesha kama alivyozoea miaka yote. Kupe hawakufa. Maksai wawili wakashikwa na ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, wakafa wakifuatana.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza maneno. Kwamba mwanamke hajui kuogesha, amezimua dawa kwa maji mengi, amewaua ng'ombe wa kaka yake. Akataka awachukue wawili waliobaki kabla mama hajawamaliza. Kikao cha ukoo kilikuwa kinasubiriwa mvua zikikaribia.

Mama Kabula hakutaka fidia. Nilimuuliza mara mbili, maana fomu ilikuwa na kipengele hicho. Akasema: "Mwanangu, mimi nataka karatasi. Karatasi iseme dawa ndiyo mbovu, siyo mimi. Isomwe kwenye kikao wote wakisikia."

Akafungua kitenge akanionyesha chupa. Kwenye lebo, penye tarehe ya mwisho wa matumizi, kulikuwa na kijikaratasi kimebandikwa juu ya karatasi nyingine. Alikigundua mwenyewe, kwa macho yake, bila degree.

Na alikuwa anaelekea wapi na ile chupa? Alikuwa anasubiri usafiri aende kwa afisa mifugo mjini.

Nikamzuia.

Ndiyo, mimi. Nikamwambia, "Mayu, usimpe mtu hiyo chupa. Hicho ni kielelezo. Tupe sisi ipelekwe maabara, mambo yaende kisheria." Akaitazama fulana yangu, akanitazama usoni, akanipa. Akasema "Wabeja", yaani asante. Nimemtoa mtu kwenye njia sahihi, na yeye ananishukuru.

Tukajaza fomu. Swali la kwanza nikamsomea: "Je, wewe ni mlaji wa bidhaa hii?"

Akashtuka. "Hapana. Hii si ya kuogeshea ng'ombe? Nani anakula sumu?"

Nikacheka, naye akacheka. Nikaweka tiki kwenye Hapana, kwa sababu darasani tulifundishwa kuandika alichosema shahidi kama alivyokisema. Akasaini jina lake kamili, mwandiko wa shule za zamani, umenyooka kuliko wangu.

Samahani wakuu, umeme ulikatika hapa. Naendelea.

Mwezi wa tisa tukakaa kuchagua kisa. Viwili ndivyo vilivyobaki mezani. Cha Mama Kabula, na cha mwanafunzi mwenzetu, rafiki wa Mheshimiwa, aliyeagiza raba mtandaoni akaletewa zote mbili za mguu wa kushoto.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angechagua ndani ya dakika moja. Sisi tulichukua mchana mzima.

Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "With due respect, huyu mama amekana mwenyewe. Swali la kwanza amejibu Hapana, na amesaini. Jarida hili ni la walaji. Kwa kauli yake yeye si mlaji. Hana locus." Locus ni haki ya kusimama usikilizwe. Alilisema lile neno kwa raha, kama mtu anayelamba asali.

Nikanyoosha mkono nikasema tatizo ni tafsiri, siyo mama.

Akaniuliza ni nani alitafsiri. Nikasema mimi. Akauliza kama nataka iingie kwenye minutes kwamba fomu zote tulizojaza kanda nzima ni batili kwa uzembe wa mtafsiri.

Meza nzima ikanitazama. Jina langu lilikuwa la nne ukurasa wa ndani. Wakuu, jina la nne, siyo hata la kwanza.

Nikasema hapana, tuendelee.

Basi raba za kushoto zikapita. Zikapewa kurasa kumi na nane. Yule jamaa kumbe alishabadilishiwa raba zake zamani, na alikuja kwenye kikao amezivaa.

Na chupa? Ilikaa kwenye kabati la ofisi yetu. Kila nikiulizia maabara naambiwa barua ya kuipeleka iko kwa Mheshimiwa, anaipitia lugha. Barua ya mistari mitano aliipitia lugha kuanzia mwezi wa sita.

Mama Kabula alikuwa ananipigia. "Mwanangu, karatasi vipi?" Namjibu, "Inashughulikiwa, mayu." Nilikuwa nimeshakuwa mwanasheria kamili.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zikanyesha. Akapiga akaniambia kikao kimekaa, yeye hakuwa na cha kuonyesha, shemeji amekuja asubuhi amewachukua maksai wote wawili. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenipa habari za mvua. Nikamwambia pole. Siku ile niliumia, sitaficha, lakini kuumia kwangu hakukumlimia hata tuta moja.

Mwezi wa kumi na mbili tukazindua jarida kwenye ukumbi wa hoteli, Shinyanga mjini.

Kulikuwa na maputo. Kulikuwa na keki yenye umbo la kitabu. Katibu wetu, kwa bidii zake, alituma SMS za mwaliko kwa kila namba iliyokuwa kwenye fomu, bila kutazama ni ya nani. Nilikuwa napanga viti nikamwona Mama Kabula anaingia, amevaa vizuri, kikapu mkononi. Akaenda kukaa mstari wa mbele.

Alifikiri ameitwa kuchukua karatasi yake.

Akapewa nakala. Akaifungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, kidole kikifuata vichwa vya habari. Kiingereza hakijui, lakini jina lake analijua. Akafika mwisho, akarudia toka mwanzo. Kisha akaniita kwa mkono: "Mwanangu, yangu iko ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia haimo.

Hakugomba. Akageuka kutazama meza iliyokuwa kando ya jukwaa. Pale tulipanga maonyesho, kitambaa cheupe, na kibao kimeandikwa MIFANO YA BIDHAA BANDIA. Katikati, imefutwa vumbi ikang'aa, ilikuwa chupa yake.

Mshereheshaji akauliza kama kuna swali kutoka kwa walaji. Mama Kabula akasimama. Akaamkia ukumbi vizuri, akasema jina lake na anakotoka, akauliza kwa nini chupa yake imeletwa kwenye sherehe na yeye mwenyewe hayumo kwenye kitabu.

Mheshimiwa akachukua kipaza sauti. Nilimwombea amjibu kibinadamu, lakini hakuwa na hiyo. Akasema: "Mama yangu, kwa mujibu wa fomu uliyosaini mwenyewe, ulikiri kwamba wewe si mlaji."

"Ndiyo," akasema Mama Kabula. "Na leo nasema hivyo hivyo. Mlaji ni yule aliyeniuzia. Mimi ndiye niliyeliwa."

Mhudumu wa hoteli aliyekuwa anapanga soda akaangua kicheko. Mgeni rasmi akavaa miwani akaanza kufungua jarida kutoka mwanzo, na mlezi wetu akainamisha kichwa.

Mama akaenda kwenye meza, akachukua chupa, akaifunga kwenye kitenge chake, akaitia kikapuni.

Mheshimiwa akasema, "Mama, hicho ni kielelezo cha jarida."

"Kielelezo cha nini," akasema, "na mimi simo?" Akatoka.

Nilivua fulana hapo hapo nikabaki na shati la ndani, nikamfuata. Msinipigie makofi, nilichelewa miezi sita. Njiani alinipa kikapu nibebe.

Tukaenda kwa afisa mifugo. Kutoka ule ukumbi mpaka ofisini kwake hata jasho haliwezi kukutoka. Alikuwa baba mmoja mkimya, shati limechanika mfukoni. Akalowesha kidole, akasugua kijikaratasi, kikabanduka. Chini yake tarehe halisi, iliyopita muda mrefu kabla mama hajanunua.

Akamuuliza: "Mama, mbona hukuileta mapema?"

Mama Kabula akasema: "Nilikuwa naileta."

Akanitazama mimi. Afisa naye akanitazama. Nikawa nasoma bango la chanjo ya kuku ukutani.

Yule baba akachukua karatasi, akaandika nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida: dawa iliisha muda wake, haiwezi kuua kupe hata ikichanganywa sawasawa, mfugaji hana kosa. Akagonga muhuri. Hakukuwa na footnote hata moja. Siku chache baadaye yeye na wenzake wakapita kwenye lile duka wakaziondoa chupa zilizobaki.

Karatasi ikasomwa kwenye kikao cha ukoo mbele ya wote. Shemeji aliinama akasema basi, yeye hakujua. Maksai wakarudishwa.

Lakini walirudishwa wakati Samuye nzima wako kwenye palizi. Mama Kabula msimu ule alilima kwa jembe la mkono, kipande kidogo tu nyuma ya nyumba. Hilo hakuna karatasi iliyoweza kulirudisha.

Mheshimiwa anaendelea vizuri, msijali. Kwenye CV yake ni Founding Editor-in-Chief, na juzi nimemwona sehemu anaongelea "kuwapa sauti wanyonge". Mimi nilijitoa, nipo Ushirombo nasubiri kwenda Law School, na watu wananiletea niwaandikie barua. Kabla sijaandika namuuliza mtu aniambie jambo lake kama angemwambia jirani, kisha naandika hivyo hivyo.

Toleo la kwanza limepata matumizi pia. Mama Kabula aliomba nakala nne zaidi, akasema zina karatasi ngumu nzuri. Amejalidia madaftari ya wajukuu zake. Siku nilipoenda kumsalimia nilimkuta mtoto anafanya hesabu, na juu ya daftari lake kuna makala ya raba za kushoto.

Somo langu ni dogo. Ukimkuta mtu anaelekea ofisi inayoweza kumsaidia, mpishe njia. Na ukitaka kumtetea mtu, kwanza jua yeye anajiitaje.

Sasa naombeni msaada kwa wajuzi wa lugha humu. Mtu aliyenunua kitu kwa haki yake akaumizwa nacho, tumwite nani? Mtumiaji, mnunuzi, mteja? Wekeni hoja, na wa sheria mje pia, nimejiandaa kutukanwa.

Jumamosi hii naenda Samuye, nitampelekea majibu yenu. Nitapiga hodi, nitasema "Shikamoo, mayu", na najua kabisa atakavyoitikia, maana tangu siku ile ya ukumbini hajawahi kunijibu vingine.

"Marahaba, mlaji."